Kiduha: mvua inanyesha, mpunga una kiu

"Mwanangu, mvua yote hii na mpunga wangu una kiu, kwa nini?" Bibi mmoja wa upande wa Mkwajuni aliniuliza hivyo katikati ya masika. Mpunga wake wa juu, wa kutegemea mvua na si wa bondeni, ulikuwa umedumaa, majani yamejikunja na kupauka, na jirani keshampa jibu: konde limetupiwa jicho. Nikachimbua shina moja taratibu kwa mkono. Mizizini kulikuwa na vichipukizi vyeupe vimeng'ang'ania, bado havijachomoza. Siku chache baadae vilitoka, vikatia maua mekundu, madogo, mazuri hata ya kuchuma.

Ndicho kiduha. Magugu mengine, kama ndago, hugombania nafasi na chakula. Hiki huuma mzizi wa mwenzake na kunyonya. Hukaa chini ya ardhi wiki nne hadi sita kabla ya kuonekana, kwa hiyo ukiliona ua, mavuno umeshapunjwa.

Mbegu yake ni kama vumbi, haifiki hata nusu milimita. Mche mmoja humwaga mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja. Zinangoja wito. Mzizi wa mpunga, mahindi au mtama ukiwa na njaa ya fosforasi hutoa kemikali iitwayo strigolaktoni, kuwaita kuvu wema wanaousaidia kuvuta chakula. Kiduha hudukiza wito huo, nacho huota karibu na mzizi. Kadiri udongo unavyochoka ndivyo mzizi unavyoita zaidi. Ndiyo maana utakikuta kwenye kichanga kilicholimwa nafaka mwaka baada ya mwaka, na si kwenye bonde la kinamo. Maji yakituama, kiduha hakina lake.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia bibi atie urea baada ya kuyaona maua. Mpunga ulirudisha rangi kidogo, basi. Pesa yake ilikwenda. Mbolea ilitakiwa iende mapema, mzizi ushibe kabla ya kuanza kupiga kelele.

Sasa mbona nasisitiza kung'oa, ikiwa hasara imeshapita? Watu hunibishia sana hapa. Unang'oa kwa ajili ya mwaka kesho na miaka kumi ijayo. Ng'oa kabla hakijatia ua. Kikishatia, usikiache ukingoni mwa konde, maana mbegu huweza kukomaa hata kiking'olewa, kichome. Wengi hukitupa njiani, kisha miguu, majembe na mbegu ya kuombana majirani hukipeleka konde la pili. Samadi mbichi nayo ni ya kuangaliwa: ng'ombe akila kiduha chenye mbegu, zipo zinazotoka zikiwa hai.

Dawa ninayoiamini zaidi ni kunde na karanga. Mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha, lakini yenyewe hainyonywi. Mbegu iliyoota bila wa kumnyonya hufa ndani ya siku chache. Wamarekani walipokigundua kiduha North Carolina na South Carolina mwaka 1956 walifanya hila hiyohiyo kwa gesi ya ethileni, wakiipiga ardhini ili mbegu ziote ovyo. Sisi gesi hatuna, kunde tunazo, na zinalika. Muhogo nao hauliwi na kiduha, lakini anayeniambia "nimelima muhogo misimu miwili, kimekwisha" simwamini: mbegu nyingi zitakuwa bado zimelala.

Ipo pia mipunga inayostahimili, kama NERICA 1 na NERICA 10: kiduha kikiushika mzizi wake hupata tabu kuingia. Nilipomtajia bibi, aliniuliza kama unanukia. Nikanyamaza. Kwa mtu aliyezoea Supa, mpunga wa kunukia, hilo ndilo swali lenyewe.

Mwaka huu nusu ya konde lake ni kunde. Nusu ya pili ni Supa, kakataa katakata. Juzi kanipigia simu: kakiona kimoja, hakijatia ua, kakichukua hadi nyumbani akakitia jikoni, na kasimama hapohapo mpaka kikawa jivu.