Hayati Yujiro Ishihara na kasumba ya "mwigizaji aliyejaribu kuimba"

Tarehe 17 Julai, siku aliyofariki Yujiro Ishihara mwaka 1987, ikikaribia, wateja wa santuri za Kijapani huniulizia nyimbo zake. Na hawakosi kuongeza: "Huyu si mwigizaji tu? Sura ndiyo iliyouza nyimbo." Nimechoka.

Hesabu miaka. Aliingia kwenye filamu 1956, na mwaka huohuo kampuni ya santuri ya Teichiku ikatoa santuri yake. Kazi hizo mbili zilianza pamoja. Kisha njoo 1961, kwenye "Ginza no Koi no Monogatari" alioimba kwa kupokezana na Junko Makimura. Ulisikika kwanza ndani ya filamu yenye jina lingine kabisa. Watu walivyoupenda, kampuni ya filamu ya Nikkatsu ikatengeneza filamu nyingine mwaka 1962 na kuipa jina la wimbo. Sasa hapo nani alimbeba mwenzake? Santuri hiyo iliuza nakala zaidi ya milioni 3, na kwenye karaoke za Japani ungali wimbo wa mwanamume na mwanamke kushika maikrofoni pamoja.

"Brandy Glass" wa 1977, nakubali, ulipata nguvu baadaye kupitia tamthilia ya polisi ya *Seibu Keisatsu*. Lakini wimbo mbovu hauokolewi na televisheni.

Wengine hudai haimbi, anaongea. Hao wamemsikiliza kwa spika ya simu, ambayo humeza sauti nzito yote ikabaki kama mluzi. Utamu wa Yujiro uko chini kule, kwenye pumzi, karibu kabisa na maikrofoni. Tafuta spika ya maana, weka "Yogiri yo Konya mo Arigato" wa 1967, kisha jaribu kuuimba polepole vile bila kuyumba. Ukiweza, rudi tubishane.

Makosa mengine ninayoyasikia hayahitaji maneno mengi. Yujiro hakufa kwa ajali ya ndege. Aliyekufa hivyo, Agosti 1985, ni Kyu Sakamoto, na "Sukiyaki" ni wimbo wa huyohuyo Sakamoto, kwa hiyo msiniulizie kwenye rafu ya Yujiro. Yujiro aliuawa na saratani ya ini akiwa na miaka 52. Gavana wa Tokyo alikuwa kaka yake, Shintaro, mwandishi wa riwaya. Zile dramu za *Arashi o Yobu Otoko*, filamu ya 1957, mlio wake ni wa mpiga dramu Hideo Shiraki. Yujiro alizicheza mbele ya kamera, ila sauti inayoimba ni yake.

Na wewe unayeficha santuri zake kabatini ukisubiri utajiri kwa kuwa mwenyewe ni marehemu: zilichapishwa kwa wingi mno. Zitoe uzipige.