Bastola ya mashindano: maneno ya baraza na mambo yalivyo

Siku hizi Mombasa ukikaa na watu wa shabaha, wale wenye leseni zao na wanaopenda mchezo kikweli, hukosi kusikia majina ya bastola za mashindano: Staccato, Infinity, Atlas, Shadow 2. Kila mtu ashaona video ya Mmarekani anamaliza kozi nzima kwa sekunde nane na bastola ya dola elfu tano, halafu mtu aamka asubuhi ashaamua, nami nataka ile. Mimi sina neno na mtu kununua kitu kizuri, pesa ni zake. Lakini kuna maneno yanazunguka hapa kwetu ambayo si kweli, na mengine ni nusu kweli, na hiyo nusu ndo mbaya zaidi.

"Nunua bastola kwanza, divisheni utaijua mbele kwa mbele"

Hapana. Hili ndo naliweka la kwanza manake likikosewa mengine yote hayana maana. IPSC (shirikisho la dunia la mchezo huu), ambayo ilianzishwa mwaka 1976 kule Columbia, Missouri, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza, haiwaweki watu wote chungu kimoja. Kuna divisheni, yaani makundi: Open, Standard, Classic, Production, Production Optics na Revolver, na kila moja ina masharti yake ya bastola, ya magazini (kijisanduku cha risasi), ya vile unavyoanza. IDPA nayo, chama kingine cha shabaha kilichoanza 1996, ina mgao wake mwengine kabisa. Bastola hiyo hiyo yaweza kuwa halali huku na kule ikakataliwa, au ikakubaliwa lakini ukatupwa ucheze na watu wa Open, wewe una bastola ya kawaida na wenzako wana kompensata (kifaa cha mdomo wa mtutu kinachopunguza mruko) na redidoti (kioo chenye nukta nyekundu ya kulengea), sasa utawapata wapi?

Mmarekani akikosea kuchagua huuza Jumamosi akanunua nyengine Jumapili, kwahivo yeye anaweza kukwambia "jaribu tu uone". Sisi tuko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti chataja silaha ipi na risasi kiasi gani. Ukitaka kubadilisha warudi kwa bodi, uombe, ungoje. Na ujue sheria yetu hata sehemu za silaha inazihesabu kama silaha, si ule mwili mzima peke yake, kwahivo hii habari ya "ntaagiza mtutu mwengine onlaini ntabadilisha mwenyewe" ondoa kichwani, hiyo si kava ya simu. Kwa sababu hiyo mtu wa hapa ana haki ya kuchelewa kuchagua. Nenda kaangalie mechi kwanza, Kirigiti kule Kiambu ama kokote inapochezwa kihalali, uone watu wengi wacheza divisheni gani, uulize, ndo urudi kupiga hesabu.

"Kastom, ile ya fundi wa oda, ndo inayopata alama"

Haya tuje kwa hesabu, na nitaitoa hapa hapa ili mtu asiseme naongea tu. Kwenye IPSC alama zako hugawanywa kwa sekunde zako, ile namba inayotoka ndo hitifakta. Karatasi ya shabaha ina sehemu: A, katikati, ni alama 5. C ni 4 kama wapiga meja (risasi yenye nguvu zaidi), 3 kama wapiga maina (yenye nguvu ndogo), hesabu yake iko mbele. D ni 2 au 1.

Tuchukue kozi ya karatasi sita, risasi mbili mbili, jumla kumi na mbili. Mtu ana CZ ya kiwandani, apiga maina, apata A tisa na C tatu. Hiyo ni 45 na 9, yaani 54. Amemaliza kwa sekunde 8, hitifakta 6.75. Sasa mpe mtu huyo huyo bastola ya kastom, triga tamu, slaidi yateleza kama siagi, tuseme imempunguzia sekunde 0.3 nzima. Afika 7.01. Vizuri, imesaidia, sikatai. Lakini risasi moja ikwame tu, apige kitako cha magazini, avute slaidi, aanze tena, sekunde tatu zimekwenda. Sasa ana 54 kwa 10.7, ni 5.05. Faida yote ya kastom imeliwa na zaidi, na mara nyingi kilichokwamisha si bastola. Ni magazini.

Na bastola ya kiwandani isidharauliwe. Eric Grauffel, yule Mfaransa aliyeshika ubingwa wa dunia wa Open mwaka 1999 kule Ufilipino na kuendelea kubeba mataji miaka na miaka, baadaye akahamia CZ Shadow 2, bastola inayotoka kiwandani ikiwa hivo hivo. Yatoka ukoo wa CZ 75, na hapa Kenya ukoo huo kila mtu aujua kwa jina, kila habari ya polisi ni "bastola aina ya Ceska". Ndo hiyo hiyo, mjukuu wake tu, mzito, karibu gramu 1,330 bila risasi. Glock 34 iko kama gramu 730 hivi. Ule uzito ndo unaotuliza mkono, si jina la fundi lililochorwa ubavuni.

"Magazini ni kijisanduku tu, yoyote itafanya"

Hapa ndo nataka tukae kidogo.

Magazini ina vitu vinne: bomba, springi, kile kipande cha juu kinachosukuma risasi, na kitako. Juu kabisa kuna midomo miwili inayoishika risasi ya mwisho na kuiachilia kwa pembe fulani slaidi inaporudi. Midomo ikipanuka kidogo sana, kitu ambacho jicho halioni, risasi yapanda mapema, pua juu, yakwama. Ikibana, slaidi yaivuta kwa shida, yachelewa. Watu wa 2011 (hizi zinazotokana na ile 1911 ya John Browning, ila fremu yake ni ya vipande viwili na magazini ni nene ya safu mbili) wapima midomo yao kwa kalipa, na si mbwembwe, ni lazima, kwa sababu magazini ile ni bati la chuma lililokunjwa na ikianguka kwenye zege yaweza kupinda. Na kwenye mechi magazini huanguka kila mara, ndo mchezo wenyewe, wabadilisha huku wakimbia na ile tupu yaenda chini, kwenye mchanga, kwenye kokoto, mwenzako aikanyaga.

Glock yeye bomba lake ni plastiki yenye chuma ndani, yavumilia zaidi. Bei nayo: kule Marekani magazini ya Glock ni kama dola 25 hadi 30, ya 2011 yaanzia 70 hivi, na zile ndefu zilizotengenezwa vizuri zapita 100. Sasa piga hesabu wewe mwenyewe, manake hutaki moja. Kozi ndefu ya IPSC yafika risasi 32. Production ukiweka 15 kila magazini, bila kukosa hata moja, wahitaji tatu, na hakuna asiyekosa, kwahivo wabeba nne au tano. Kuna mtu atanunua bastola ya bei ya pikipiki mbili halafu aje na magazini mbili zilizokuja kwenye boksi. Huyo nitamwambia nini?

Ziandike namba. Kalamu ya rangi, 1, 2, 3, kwenye kitako. Bastola ikikwama angalia ni namba ngapi. Ikikwama tena na namba ile ile basi ushajua mgonjwa ni nani, iweke iwe ya mazoezi au itoe kabisa, usipeleke bastola kwa fundi akachonge kitu ambacho hakina kosa. Hili dogo lakini watu hawalifanyi wallahi.

"Inayobeba risasi nyingi ndo bora"

Inategemea, turudi kule kule kwenye divisheni. Open urefu wa magazini mwisho ni milimita 170, na hapo kweli kila mtu abeba ile kubwa, risasi karibu thelathini. Standard bastola ikiwa na magazini ndani sharuti iingie kwenye boksi la milimita 225 kwa 150 kwa 45, na hapa watu huumia, manake wanunua magazini za milimita 140 kwa sababu Wamarekani wanazisifu, nao Wamarekani wasifu kwa sababu chama chao USPSA chawaruhusu 141.25 kwenye Limited. Ukija nayo IPSC haiingii boksini. Watu wa Standard wenye 2011 watumia za 126. Sasa wewe unazo nne za 140, waziangalia.

Production ni 15 basi, hata kama bomba labeba 19. Ukijaza zaidi wahamishiwa Open. Bastola za safu mbili kwenye IDPA, divisheni zao za SSP na ESP, ni 10. Kwahivo kulipia kitako cha kuongeza risasi kabla hujajua wacheza wapi ni kununua uzito.

"Usiache magazini imejaa, springi itakufa"

Springi nzuri haichoshwi na kukaa imebanwa, huchoshwa na kubanwa na kuachiliwa, kubanwa na kuachiliwa. Mtu wa mazoezi mengi ndo abadilishe springi mara kwa mara, si yule aliyeiacha imejaa wiki mbili. Kuhusu kuiacha imejaa nyumbani hilo ni suala la usalama na la sheria, siyo la springi, funga kwenye sefu.

"Bila meja huendi popote"

Meja na maina ni suala la pawafakta: uzito wa kichwa cha risasi kwa grein, mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawa kwa elfu. Maina ni 125. Meja ni 170 kwenye Standard, 160 kwenye Open. Risasi ya 9mm ya grein 124 ikienda futi 1,050 yatoa 130, umepita maina salama. Ya .40 grein 180 kwa futi 950 ni 171, meja. Standard yataka kipenyo cha milimita 10 kwenda juu ndo uhesabiwe meja, kwahivo 9mm hapo hata uifanyeje itabaki maina.

Faida ya meja ni kwenye C na D peke yake. Rudi kwa yule mtu wetu, A tisa na C tatu: angepiga meja angepata 57 badala ya 54. Lakini angebaki na maina yake akazigeuza zile C tatu kuwa A angepata 60. Na 9mm ndo risasi rahisi kupata duniani, na mkono wapumua. Kama ndo unaanza, na cheti chako kina kiasi maalum cha risasi, mbona ujitie kwenye .40? Production hata hawakuulizi, wote mwahesabiwa maina.

Ila usikaribie sana mstari. Mechini kuna mashine ya kupima mwendo, risasi zako zikitoa 124 wacheza mpaka mwisho lakini alama hupati hata moja.

"Triga nyepesi zaidi ni bora zaidi"

Nyepesi kuliko kidole chako kinavyoweza kuhisi ni balaa. Hata Olimpiki bastola ya mita 25 triga yake haishuki chini ya gramu 1,000. Standard na Open hawakuwekei kiwango, lakini risasi ikitoka bila wewe kukusudia, wakati wabadilisha magazini mathalan, umefukuzwa mechi, siku imeisha, kunja begi. Na fundi wa kukata springi kwa plaiasi, hata awe rafiki yako, usimpe.

"Chuma cha sikuhizi hakishiki kutu"

Huyo aliyesema haishi pwani. Hewa yetu ina chumvi, kuanzia Nyali mpaka Likoni, na jasho pia ni chumvi, bastola yabebwa kiunoni mchana wa Februari halafu yatiwa kwenye holsta ya ngozi iliyolowa, asubuhi waona madoa ya kahawia. Ngozi yashika unyevu, usihifadhi bastola ndani yake. Wakati wa kuchagua uliza imepakwa nini: kromu ngumu, DLC (tabaka gumu la kaboni), naitraidi, zote zasaidia kuliko ile rangi ya buluu ya zamani, ambayo ni nzuri kwa macho lakini kwetu yataka kupanguswa na mafuta kila ukiishika. Weka vifuko vya silika kwenye sefu, vibadilishe.

Magazini hapa watu wakosea upande wa pili. Wanasikia kutu, wamimina mafuta ndani ya bomba. Mafuta yashika mchanga na baruti, yawa matope, springi yasukuma kwa uvivu, risasi yachelewa kupanda. Fungua kitako, toa springi, pangusa bomba likauke, springi ipitishe kitambaa chenye mafuta kidogo sana, rudisha. Ukitoka renji yenye mchanga fanya siku hiyo hiyo.

"Redidoti itanifanya niwe mwepesi"

Baadaye, ndio. Mwanzo watu wengi wainua bastola na kuanza kuitafuta ile nukta kama mtu aliyepoteza miwani. Yataka mazoezi ya kuinua bastola tupu nyumbani, ushahakikisha mara mbili hakuna risasi chumbani mwake wala kwenye chumba ulichomo wewe. Na betri ya akiba.

"Ya mashindano ntaibeba pia kwa ulinzi"

Shadow 2 na redidoti yake chini ya shati la linen, kwenye joto hili? Haya, jaribu kukaa nayo kwenye gari foleni ya feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, halafu tuongee.