Je, wajua kwa nini moyo wa mtoto mwenye CP (cerebral palsy, yaani mtindio wa ubongo) hupiga mbio hata akitembea polepole?

Mpwa wangu ana miaka 9, ana CP, anatembea na fimbo zake mbili hapa Manyatta, Kisumu. Juzi tulienda dukani kununua maziwa, si mbali, pamoja na binamu yake wa rika lake. Tulipofika kwa geti nikawashika mkono mmoja mmoja nikahesabu mapigo kwa sekunde 15 nikazidisha mara 4. Binamu 104, yeye 148! Njia ni ile ile, mwendo ule ule wa pole, na shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongo wote. Dani yao, yaani nyanya, akashtuka akasema huyu mtoto ana shida ya moyo.

Hapana, CP si ugonjwa wa moyo. Ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa ama muda mfupi baadaye, kwa hivyo amri zinazoenda kwa misuli zinafika zikiwa zimechanganyika. Wewe ukitembea, msuli wa mbele ya paja ukikaza ule wa nyuma unalegea kidogo mguu upite, lakini kwake yote miwili inaweza kukaza kwa wakati mmoja ikavutana, na hapo bado anapigania asianguke. Ni kama boda ambayo breki imeshika tairi: injini inanguruma, petroli inaisha haraka, na pikipiki haikimbii. Injini ni nzima kabisa.

Watafiti wamepima hewa ambayo watoto hawa wanavuta wakitembea, na kuna wanaotumia nguvu hata mara 2 au 3 kuliko wenzao. Misuli ikidai oksijeni hivyo, moyo lazima uharakishe damu.

Halafu kuna hii inayoniuma, tunawakalisha sana kwa sababu tunawahurumia, na moyo nao ni msuli, usipofanya kazi unalegea, mtoto anachoka haraka zaidi, anakalishwa tena. Uholanzi watoto wenye CP walifanyishwa mazoezi dakika 45 mara mbili kwa wiki, miezi 8, na majibu yaliyotoka 2007 yalionyesha pumzi yao imeongezeka sana.

Akizimia, kifua kikiuma ama midomo ikigeuka rangi, hiyo ni ya daktari mara moja. Siku za kawaida mimi namwongelesha tu njiani. Akinijibu sentensi nzima tunaendelea, akianza kukatakata maneno tunaketi kwa benchi ya mama wa omena hadi pumzi irudi.