AA ni ukubwa wa punje, si utamu

Mgahawa mpya ukifunguliwa Nairobi, herufi mbili hazikosi ubaoni: AA. Mteja huzilipia zaidi akiamini kapata kahawa tamu kuliko zote. Mimi kazi yangu ni kuonja kahawa, na nasema waziwazi: AA ni kipimo cha chekeche. Punje ikishindwa kupenya tundu la milimita 7 na ushei, ni AA. Zinazofuata kwa ukubwa ni AB. PB ni ile punje ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda ambalo kwa kawaida hubeba mbili. Hapo hakuna aliyeonja chochote.

Utamu huamuliwa huko juu milimani, Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, hasa siku ya kuchuma na usiku unaoifuata. Matunda mabichi na yaliyokauka hutengwa kabla ya mizani, yakabaki mekundu. Hayo yanatakiwa kukobolewa siku hiyohiyo. Yakilala guniani huanza kuchacha, na kikombeni nitakutana na uchachu wa siki.

Punje iliyokobolewa hubaki na ute unaoteleza. Hulazwa kwenye tangi mpaka ute ulegee, na muda wake haufanani: baridi huuchelewesha, joto huuharakisha. Kwa hiyo mfanyakazi stadi haitegemei saa. Huchota punje kiganjani, akazisugua; zikikwaruzana kama kokoto, wakati wa kuosha umefika. Akichelewa, ladha inaharibika, na hakuna mkaangaji wa Nairobi atakayeirudisha.

Kwenye mifereji ya kuoshea, punje nzito huzama na nyepesi husombwa mbele. Uchambuzi huo nauheshimu kuliko chekeche, kwa sababu punje nzito imeshiba. Kisha huanikwa kwenye meza za wavu, zikageuzwageuzwa na kufunikwa jua linapokuwa kali ili ganda jembamba lililobaki lisipasuke, hadi unyevu ushuke kufikia kama asilimia 11.

Wengine husingizia mbegu. SL28 na SL34, zilizochaguliwa miaka ya 1930, husifiwa. Ruiru 11, iliyotolewa 1985 ili kuhimili magonjwa ya chulebuni, unaoshambulia matunda, na kutu ya majani, hubezwa. Mimi nimeonja Ruiru 11 safi kabisa, na nyingi mbaya nilizokutana nazo zilikuwa na kasoro za tangini.

Mnadani Nairobi, wanunuzi huonja sampuli kabla ya kutaja bei, lakini AA bado hupewa kipaumbele kwa sababu wateja wa ng'ambo huiulizia kwa jina. Linaloniudhi zaidi ni malipo ya ushirika. Huhitajika takriban kilo 6 hadi 7 za matunda kupata kilo moja ya kahawa safi, na mara nyingi wakulima wanachama wa kiwanda kimoja hulipwa bei moja kwa kila kilo ya matunda. Aliyechuma mekundu matupu na jirani aliyepenyeza mabichi mizani ikiwa na foleni, wote hupokea sawa.