Mbwa ufuoni Mombasa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaompeleka mbwa ufuoni, iwe Nyali, Bamburi, Shanzu au Shelly upande wa Likoni, huogopa mawimbi kuliko kitu kingine chochote. Kwa maoni yangu hofu hiyo imeelekezwa pabaya, kwani madhara mengi humpata mbwa akiwa bado mchangani, kabla hata hajalowa.

Husemwa kwamba upepo wa bahari humpoza mbwa, kwa hiyo hata adhuhuri haina neno. Upepo humpoza binadamu kwa sababu hukausha jasho mwilini mwake. Mbwa hutoa jasho kidogo tu kwenye nyayo, na hupoa kwa kuhema ili unyevu wa ulimi na koo uvukizwe. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, hasa Machi kaskazi inapofifia, na katika hewa ya namna hiyo mbwa anaweza kuhema kwa nguvu zake zote bila kupoa. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi. Likipita 41, hiyo ni dharura. Ukimwona anatoa ute mzito, ulimi umekuwa mwekundu mno na miguu inayumba, mwondoe juani, mmwagie maji ya kawaida huku ukimpepea, kisha mfikishe kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana amepata nafuu. Mbwa wenye pua fupi huzidiwa mapema zaidi. Saa nzuri ni kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, na kabla ya kumshusha bandika kiganja mchangani kwa sekunde 7: ukishindwa kuvumilia wewe, naye nyayo zake zitaungua. Kumwacha ndani ya gari lililofungwa, hata kivulini, si njia mbadala.

Ipo imani ya zamani kwamba maji ya chumvi ni dawa ya upele na kupe. Upele wa mbwa huletwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi, na chumvi haiwafikii. Huwasha tu vidonda vilivyokwisha kuwapo. Kupe nao hawang'oki kwa kuogelea. Akiyanywa maji hayo kwa wingi, mbwa hutapika na kuhara, na chumvi ikizidi katika damu anaweza kupatwa na kifafa. Beba maji baridi ya kunywa na bakuli, umpe mara kwa mara kabla hajaanza kuyalamba ya bahari.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni ile isemayo kuwa mbwa ana tumbo la chuma na hujua mwenyewe kisichofaa kuliwa. Mbwa wangu aliwahi kuokota bunju, samaki mwenye sumu, aliyekauka juani, mgumu kama ganda la kifuu, miongoni mwa mwani uliotupwa na maji usiku, na nikalazimika kumbana taya ili nimtoe. Kila mvuvi wa hapa anamjua bunju na humtupa, kwani ini, mayai na ngozi yake huweza kuwa na sumu ya tetrodotoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukauka. Sumu hiyo huzuia mishipa ya fahamu kupeleka ujumbe: mbwa hulegea, hupooza, na mwishowe misuli ya kupumua husimama. Haina dawa ya kuitangua. Daktari anachoweza ni kumsaidia mgonjwa kupumua hadi imwishe mwilini. Mwaka 2009, kwenye fuo za Auckland nchini Nyuzilandi, mbwa walikufa kwa sumu iyo hiyo baada ya kula konokono wa baharini wasio na kombe. Hatari nyingine, ndogo kwa sura, ni kijiti cha mshikaki chenye harufu ya nyama, ambacho kikimezwa huweza kutoboa utumbo.

Wengine huamini kwamba maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe ni dimbwi salama na kwamba kila mbwa ni mwogeleaji. Mbwa wenye kifua kizito na miguu mifupi huzama upesi. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 3, na maji yanapopwa hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba. Muulize mvuvi saa za maji kabla ya kuondoka nyumbani, maana kila siku husogea mbele kwa dakika kama 50.

Kuhusu kinyesi, jibu la kawaida ni kwamba bahari itaosha. Bahari haifiki chini ya mivinje, mahali penye kivuli ambapo watu hutandika leso zao. Mayai ya minyoo ya safura huanguliwa hapo kwa siku chache, na vibuu vyake hupenya nyayo za mtoto anayecheza peku, vikiacha mstari mwekundu uliopindapinda na unaowasha. Zoa kwa mfuko, na mpe mbwa dawa ya minyoo.

La mwisho ni kwamba mbwa mpole hahitaji kamba. Mpole huyo akiona ngamia wa kukodisha hubadilika ghafla, na mayai ya kasa, yanayokaa mchangani takriban siku 60, hayana pa kukimbilia anapoanza kuchimba. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kabla ya safari yoyote. Tena, kwa Waislamu wengi wa Pwani wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, mate ya mbwa ni najisi ioshwayo mara 7, mojawapo kwa maji yenye udongo. Mzee anayeelekea kuswali alasiri, kanzu mkononi ili isiburure, hawezi kuambiwa kwamba huyu haumi. Vuta kamba, pita upande wa maji, umwachie yeye upande mkavu.