Hotirodi ya mwanzo: wacha injini, nionyeshe chesisi

Vijana wakinitafuta kuhusu hotirodi suala lao la mwanzo ni lile lile, fundi nitie injini gani. Hakuna anaeuliza breki. Na mie jawabu langu silibadilishi, injini ni mambo ya baadae, kwanza nionyeshe chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba gari, nambie unatumia difu gani, nambie gari itasimama kwa kitu gani, alaf ndo tuongee hayo mavitu ya kunguruma.

Kwa ambae hajui tunazungumzia nini, hotirodi ni gari kuukuu iliyovuliwa kila kisichohitajika ikatiwa injini yenye nguvu kuliko ile iliyozaliwa nayo. Mambo yalianzia California miaka ya 1930, vijana hawana pesa, wananunua Ford Model T na Model A zilizochoka, wanang'oa madigadi, wanang'oa bampa, wengine mpaka kioo cha mbele, wanakwenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Mwaka 1937 klabu zao zikaungana zikaunda SCTA (Southern California Timing Association) na chama hicho kipo mpaka leo. Kilichowapa wazimu zaidi ni Ford ya 1932, gari ya bei ya mtu wa kawaida lakini ndani ina V8 (na V8 hapa simaanishi Land Cruiser za waheshimiwa, namaanisha silinda nane zilizopangwa nne nne kwa umbo la V). Lita 3.6, nguvu farasi 65. Usicheke, leo Vitz ya lita moja inatoa kama hizo, ila Ford ile ilikuwa nyepesi na vijana walijua kuizidisha.

Sasa zile gari zilifaa kwa sababu moja ya kifundi, chesisi mbali bodi mbali. Unafungua bolti unanyanyua bodi, chesisi inabaki imesimama na magurudumu yake, unaifanyia unachotaka. Kwa hivo mtu akinambia ana Morris Minor ya babu yake anataka kuifanya hotirodi namwambia yakhe hiyo itengeneze tu upande nayo harusini, mana bodi ya Minor ndo chesisi yenyewe, ukikata mahali unapunguza nguvu mahali pengine na kazi hiyo si ya mtu wa mwanzo.

Hapa Unguja mimi nnavoona chaguo la maana ni pikapu. Hilux ya zamani, chesisi ya ngazi, boriti mbili ndefu na vipande vya kukingama, springi za majani nyuma, difu ngumu, na spea zake hata Pemba utapata. Land Rover zile za Series pia nzuri, bodi yake aluminiamu haili kutu, lakini chesisi yake ni chuma cha boksi na kutu inaanzia ndani, nje unaona rangi inang'aa ndani kumeshakuwa unga. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, ukichanganya na chumvi ya bahari, aluminiamu inalika, utaona inatoa unga mweupe kwenye bolti.

Kabla hujatoa hata shilingi chukua nyundo ndogo na bisibisi ya bapa, ingia chini. Gonga boriti yote, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Chokoa pale zinapofungwa springi, nyuma ya kebini, na kila pembe inayotuama maji. Alaf uliza gari ilikuwa ikifanya kazi gani. Kama ilikuwa inabeba samaki kutoka diko, au ilikuwa inaingia majini Nungwi kuvuta boti, au inabeba mwani kutoka Paje, achana nayo hata ukipewa bure, maji ya chumvi yameshapita kila tundu miaka na miaka. Pikapu ya mtu aliyekuwa akibeba matofali na mchanga imepigwa, imepinda tela, lakini chesisi yake mara nyingi nzima.

Karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini, hakikisha namba ya chesisi inasomeka na inalingana na kadi, na nenda ukawaulize watu wa leseni na ukaguzi kabla hujakata kitu, si baada. Gari isiyoweza kuingia barabarani ni pambo la uani.

Ukishapata chesisi kuna kazi ambayo watu wengi wanairuka nayo ndo tamu kuliko zote, kuipanga gari kabla ya kuichomelea. Weka chesisi juu ya stendi, sawa kabisa, pima kwa levo. Weka magurudumu na tairi unazotaka khasa, si za kuazima, mana urefu wa tairi ndo unaoamua gari itakaa vipi. Weka bodi juu hata kama ni kipande cha kebini tu, weka gamba la injini tupu, weka giaboksi, weka kiti, kaa. Magoti yako wapi? Mguu unafika pedeli? Ukigeuza stelingi mkono unagonga mlango? Mambo yote hayo yanatakiwa yajulikane wakati bado umeweka nukta za weldi tu ambazo grenda inazitoa dakika moja. Kaa nayo hivo hata wiki, izunguke, itizame kwa mbali.

Breki sasa, na hapa nitasema sana mnisamehe.

Gari nyingi za zamani zina masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga) ya chumba kimoja, yaani ikivuja sehemu moja tu breki zote nne zimekwenda. Tia masta ya vyumba viwili, mbele mbali nyuma mbali. Mbele tia diski, nyuma ukibaki na dramu hakuna ubaya. Pedeli ina hesabu yake, pima kutoka pale inapozungukia mpaka pale unapokanyaga, ugawe kwa urefu kutoka pale inapozungukia mpaka kwenye fimbo inayosukuma masta. Bila busta, kile kidude kinachousaidia mguu kusukuma breki, unataka kama sita kwa moja, ukiwa na busta kama nne kwa moja inatosha. Nimeona gari imetiwa masta kubwa na pedeli fupi bila busta, pedeli ngumu ngangari, dereva anadhani breki ni nzuri kwa sababu ngumu, kumbe hata akisimama juu yake gari haishiki.

Alaf hotirodi nyingi masta inafichwa chini ya sakafu ili mbele pabaki pasafi. Ikikaa chini kuliko breki za kwenye gurudumu, mafuta ya breki yanarudi taratibu yenyewe, ukikanyaga mara ya mwanzo pedeli inazama. Dawa yake ni valvu ndogo inayobakisha presha kwenye paipu, ya paundi 2 kwa inchi ya mraba kwa upande wa diski na ya 10 kwa upande wa dramu. Ni kidude kidogo cha kuagiza na ndo kinachotofautisha gari ya kuendesha na gari ya kupiga picha.

Stelingi fupi tu: shafti yake usiichomelee kienyeji, tumia krosi (viungo vinavyokunja shafti huku inazunguka) za kufunga kwa bolti, na hakikisha ekzosi haipiti karibu nayo.

Haya, injini. Wamarekani baada ya ile ya Ford walihamia V8 ya Chevrolet ya 1955 kwa sababu ilikuwa ndogo, nyepesi, na baadae ikajaa kila skrepa. Na hiyo ndo kanuni ya kufuata, tumia kilichojaa kwenu. Kwetu kilichojaa ni Toyota. Injini ya 1G-FE, silinda sita za mstari lita 2, ile ya kwenye Mark II na Chaser, inakaa kwa urefu na kuzungusha tairi za nyuma, spea zipo, kila makanika anaijua. Sauti yake tamu pia. Anaetaka V8 kweli kweli atafute 1UZ-FE ya lita 4, ilianza 1989 kwenye Lexus LS400 na Celsior, ila kwa gari ya mwanzo mie sikushauri, ni pana, inataka nafasi na inakula mafuta.

Usinunue injini peke yake. Nunua gari zima iliyogongwa nyuma au ubavuni, mana ndani yake unapata giaboksi, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), kontroli boksi (kompyuta ya injini), wayaringi yote, pedeli, pampu ya mafuta, mpaka ufunguo, na kama gari ina imobilaiza, yaani kufuli ya umeme inayoutambua ufunguo, bila ufunguo wake haiwaki utalia. Wayaringi usiikate kwa mkasi, ivue pole pole, kila plagi iandike kwa karatasi ya gundi. Na kabla ya kufunga injini tizama sampu ya oili, kama tumbo lake liko mbele na chesisi yako ina boriti ya kukingama pale pale, ujue mapema.

Ukiikalisha injini, nyuma yake iiname kama digrii tatu, na pua ya difu inyanyuke digrii tatu vile vile, mstari wa injini na mstari wa difu uwe sambamba. Isipokuwa hivo propela itatetemeka na krosi zitakufa. Simu yako ina programu ya kupima mteremko, iweke juu ya chuma usome, na upime gari ikiwa imebeba uzito wake wote, si ikiwa imening'inia kwenye jeki.

Joto. Ile V8 ya Ford ilisifika kwa kuchemka kwa sababu moshi wa ekzosi ulikuwa unapita ndani ya bloku kabla ya kutoka, unapasha maji. Injini ya Toyota haina tatizo hilo lakini sisi tuna jua letu la Januari na foleni ya Darajani, kwa hiyo rejeta kubwa inayoingia, na feni iwe na kava lake la kuzunguka ili ivute hewa kupitia rejeta yote.

Bodi je? Watu wanadhani lazima bati kutoka Marekani. Model T na Model A zenyewe ndani ya bati zina mifupa ya mbao. Na sisi gari za shamba miaka yote tumezitia bodi za mbao juu ya chesisi za lori, mafundi seremala wa kazi hiyo bado wapo, na mafundi majahazi wa Nungwi wanajua kupata mbao yenye mkunjo wa asili. Hotirodi ya kebini ya Hilux iliyokatwa na nyuma kitanda cha msaji, mie ningeipenda kuliko kopi ya faiba ya Ford ya 1932.

Alaf iendeshe kabla ya rangi. Iwashe, itembee mwendo wa mtu kwenye uwanja, ukague nati zote, utizame wapi pamevuja, wapi tairi inagusa, wapi waya umeyeyuka karibu na ekzosi. Ukiridhika nayo ivue tena yote mpaka chesisi iwe tupu, piga msasa, tia praima ya zinki, rangi, na ndani ya maboriti mimina nta au grisi iliyoyayushwa ipite kila pembe, mana hapa bahari haiko mbali popote unapoishi. Nati zote za breki na stelingi zirudi mpya.