Mbona matumbo ya samaki yakifukiwa huyeyuka?

Fukia matumbo na mabaki mengine ya samaki shinani mwa mnazi kule Lamu, futi moja kwenda chini (yakiwa juu juu, paka wa mji watayafukua usiku huohuo). Rudi baada ya wiki kadhaa: utakuta miba na magamba. Nyama imekwenda wapi?

Imeliwa na bakteria, ila bakteria hawana kinywa. Protini ni kubwa mno kupenya utando wa seli yao, basi humwaga nje vimeng'enya (protini zinazovunja vitu vingine), vikaikatakata, kisha wakafyonza vipande. Kila kimeng'enya kina jeni yake, yaani maagizo ya kukitengeneza. Bacillus subtilis, mkazi wa kawaida wa udongo, ana jeni nane za aina hii. Zinazobeba mzigo mkubwa ni mbili: aprE, ya kutengeneza subtilisini, na nprE, ambayo kimeng'enya chake hakikati kitu bila zinki.

Ajabu ni kwamba kisu hiki, subtilisini, hakimkati mwenyewe. aprE huandika protini ndefu kuliko inayohitajika. Asidi amino 29 za mwanzo huiongoza kutoka nje ya utando. Zinazofuata, 77, huikunja protini ikapata umbo lake, na papo hapo huziba mahali pake pa kukatia. Ikishatoka, subtilisini hujikata yenyewe kile kizibo, zikabaki asidi amino 275, tayari kwa kazi. Isitoshe, chakula kikiwa tele, protini ya AbrB huizima jeni hiyo. Njaa ikibisha hodi, protini nyingine, DegU, huiwasha.

Udongo wa matumbawe wa pwani una chokaa nyingi, na subtilisini hustawi penye alkali. Kinachokwamisha ni ukavu: kimeng'enya husafiri ndani ya maji, kwa hiyo kwenye mchanga mkavu kama wa vilima vya Shela, mwagia kwanza.

Ukitaka kuwaona bakteria hawa kazini, koroga gramu 1 ya udongo katika mililita 9 za maji yaliyotakaswa (vijidudu vyote vimeuawa kwa joto), zimua mara kumi (sehemu 1 kwa 9 za maji), rudia mara tatu au nne, kisha paka tone kwenye agari (rojo ya mwani iliyoganda, ya kuoteshea bakteria) yenye asilimia 1 ya maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Takasa maziwa kando na agari, la sivyo huungua na kugandana. Changanya agari ikishapoa hadi nyuzi 50 hivi. Acha kwa nyuzi 30, saa 24 hadi 48. Koloni (kundi la bakteria linaloonekana kama doa) inayokata protini huzungukwa na duara angavu. Lakini usiliamini haraka: bakteria wanaotoa asidi nao huweza kung'arisha maziwa bila kukata chochote. Mwagia asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Penye maziwa mazima pataganda peupe, na duara la kweli litabaki angavu.